Naam Iliyopitisha Sheria

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na ujinga wenyewe niliufanya nimekalia kiti cha Spika.

Shule yetu ya Timbwani ina bunge la wanafunzi, hukutana kila Ijumaa baada ya masomo. Mimi, Mwidani, ndiye Spika. Ijumaa hiyo Kyalo alileta mswada: kengele ya asubuhi ikilia, lango lifungwe, na aliyechelewa arudi kwao.

Kila mtu alimgeukia Samiha. Anaishi kisiwani kwa nyanya yake, huvuka kwa feri kila asubuhi, na feri ikikwama hufika tumeshaingia darasani. Mswada ule ukipita, itambidi aihame shule.

Nami mpira ulikuwa unaniita uwanjani. Niliusoma mswada mbiombio, nikasema, "Wanaokubali waseme naam."

Papo hapo Mwalimu Roseline, akipita barazani, akaita, "Watoto!"

"Naam!" nikasikia darasa likiitikia.

Nikagonga meza. "Umepita."

Samiha akasimama. "Bwana Spika, tumemwitikia mwalimu."

"Spika akishagonga meza, yamekwisha," nikamjibu, nikatoka mbio.

Samiha hakulia wala hakununa. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Oduor, mlezi wa bunge letu, akamweleza. Jumatatu mwalimu akatuita kikao.

"Mwidani, mswada ulisomwa mara ngapi?"

"Mara moja, mwalimu. Lakini kwa sauti kubwa."

Walicheka mpaka Kyalo akashika mbavu. Mwalimu hakucheka.

"Kule Nairobi, mswada ukisomwa mara ya kwanza ndio kwanza umebisha hodi," alisema. "Kamati huuchambua, na wananchi huulizwa maoni yao. Ukisomwa mara ya pili, wabunge huujadili, kisha huupitia kifungu kwa kifungu na kurekebisha palipo na kasoro. Husomwa mara ya tatu, wakapiga kura. Mingine huenda Seneti pia. Mwisho ni saini ya Rais, naye anaweza kuurudisha. Na wabunge wakitilia shaka sauti alizosikia Spika, huomba kura zihesabiwe."

"Safari yote hiyo, mwalimu?" Kyalo akaguna. "Si watu watazeeka?"

"Afadhali wazeeke. Sheria hucheleweshwa makusudi, ili yule itakayemuumiza apate kusema kabla hajaumia. Nyinyi mlimsikiliza nani?"

Nikaufungua mjadala upya, uso ukinichoma.

Samiha alikuwa amejiandaa. "Mimi huamka kabla ya adhana ya alfajiri," alisema. "Feri ikikwama katikati ya maji, mwanitakaje, niogelee na mkoba kichwani?"

"Na wavivu je?" Kyalo akauliza. "Wapo wanaokaa hapa nyuma ya ukuta na bado wanachelewa."

"Hao wapo, na hapo nakuunga mkono. Basi turekebishe. Aliyecheleweshwa na feri aingie darasani. Aliyecheleweshwa na kitanda aingie pia, ila mapumziko akafagie uwanja. Hakuna wa kurudishwa kwao."

Walibishana kweli. Purity alitaka ijulikane nani atathibitisha kwamba feri ilikwama. Wakakubaliana kwamba bawabu atawauliza walimu wanaovuka nayo. Safari hii sikutaka kusikia naam ya mtu. Niliwaambia wanaokubali wasimame, nikawahesabu mmoja mmoja. Waliobaki wameketi hawakujaza dawati moja.

"Mswada umepita pamoja na marekebisho yake," nikatangaza.

"Hoja ya nidhamu, Bwana Spika!" Kyalo alikuwa miongoni mwa walioketi. "Mswada wangu wa Ijumaa ulishapita, nao haukuwa na marekebisho. Darasa zima lilisema naam, nilisikia kwa masikio yangu. Naam ni kura. Hamwezi kuifuta kwa sababu Samiha ana maneno matamu."

Nikamtazama Mwalimu Oduor. Akakunja mikono. "Spika ni wewe," akasema.

Nikamtazama Samiha.

"Kyalo," akasema taratibu, "mwalimu alipoita, nyinyi wavulana mliitika naam. Sisi wasichana tuliitika abee, kama tulivyofunzwa kwetu. Haya, wewe mwenye masikio, tuambie: abee ni kura ya ndiyo au ya la?"