Kifaa cha Tano

Taa ya kijani ya ruta, kile kisanduku cha intaneti, ilikuwa ikiwakawaka na mfasiri hakuwa akigusa kitu. Alikuwa ameweka mikono mapajani, akiamua aandike kizunguzungu au kisunzi. Kivinjari kilikuwa wazi kwenye ukurasa mmoja wa kamusi, basi. Ilikuwa saa saba mchana. Taa iliwaka mara tatu, ikatulia, ikawaka mara moja. Kisha tena vilevile, kama mtu anayeuliza na kujibiwa.

"Kile kitaa kinaongea na nani?" aliuliza mama mkwe wake, aliyekuwa akikunja nguo kwenye kochi.

"Ni mlinzi, mama. Analinda kompyuta."

"Anataka shilingi ngapi?"

"Ni wa bure."

"Mlinzi wa bure anakula wapi?"

Mfasiri alicheka. Mlinzi alikuwa kiendelezi tu, programu ndogo inayojishikiza kwenye kivinjari na kuzuia tovuti mbaya. Tangazo lake lilijitokeza lenyewe wiki iliyotangulia, saa ileile ambayo faili la mteja lenye virusi liliteketeza kazi yake ya siku kumi na nne. Akabonyeza Ruhusu. Tangu mumewe afariki, nyumba ile ilisimama kwa karatasi za maelezo ya dawa alizotafsiri: yeye, mama mkwe, na binti yake wa miaka saba, waliyemwita Nyuki.

Kesho yake paka wa kijivu aliyezoea kuja dirishani alikutwa kwenye ngazi. Alikuwa amekakamaa, bila jeraha. Kwenye ujia wa vyumbani kulikuwa na harufu ya nywele zilizoungua. Mfasiri alimpigia shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi wa kompyuta.

Shemeji alifika na mkoba wake na maneno yake. "Umefungua nini, shemeji? Sinema za mapenzi?"

"Kaa chini ufanye kazi. Chai utakunywa ukimaliza."

Alifungua dirisha linaloorodhesha mawasiliano yote ya kompyuta. Mistari ilikuwa inashuka. "Usiogope. Ni mlinzi wako. Yeye mwenyewe hajui kitu, ana mkubwa wake huko mbali. Kila ukurasa unaotaka kuufungua, anauliza kwanza: huu salama au hatari? Tena anachukua orodha mpya ya wabaya kila baada ya muda. Ndiyo maana anapiga simu hata ukiwa umekaa kimya."

"Kwa hiyo kila ninakokwenda anaripoti?"

"Si ulimruhusu? Kuna maandishi pale, kwamba atasoma na kubadilisha kila kitu, kila mahali. Uliyasoma?"

Hakuyasoma. Yeye aliyelipwa kwa kusoma maandishi madogo kuliko yote.

"Jini haingii ndani bila ruhusa," alisema mama mkwe. Hakuacha kukunja nguo. "Umemkaribisha nani, mwanangu?"

"Mama naye!" Shemeji alicheka, halafu akasogeza uso karibu na kioo. "Ila huu mmoja siuelewi. Hautoki nje. Mlinzi anauliza humuhumu ndani. Nyumba hii ina vifaa vingapi?"

Walihesabu: kompyuta, simu mbili, printa. Ruta ilionyesha vifaa vitano. Shemeji alizima printa na simu zote mbili. Cha tano kilibaki, na kilikuwa kinajibu. Akashika simu yake mwenyewe iliyopima nguvu ya mawimbi, wakatembea nayo, yeye mbele, mfasiri nyuma, mpaka kwenye ujia. Namba zilipanda walipofika kwenye ukuta uliotenganisha chumba cha mama mkwe na cha Nyuki. Ukuta mtupu, lipu na rangi. Mfasiri aliweka kiganja. Ulikuwa na joto la mwili wa mtu.

"Shemeji," alinong'ona. "Unadunda."

Walirudi sebuleni bila kuupa ukuta mgongo. Mama mkwe alikuwa ameingia chumbani kwake kujinyoosha. Kikohozi chake kilisikika. Shemeji alifungua ukurasa wa waliozuiwa, ambao kwa kawaida huwa na anwani za tovuti. Ulikuwa na mistari mitatu.

Paka wa kijivu. Amezuiwa.

Bibi anayejua. Anakaguliwa.

Mtoto. Anakaguliwa.

"Nani kaandika huu upuuzi?" Shemeji aliuliza, kwa sauti isiyotaka jibu.

Kikohozi kilikatika katikati, na neno la mstari wa pili likabadilika mbele ya macho yao likawa Amezuiwa, na mfasiri alikuwa ameshakimbia, akateleza kwenye ujia, akasukuma mlango na kumkuta mama mkwe ameketi kitandani, macho wazi, mdomo wazi, mkono mmoja kifuani kana kwamba pumzi aliyoivuta ilikuta njia imefungwa na ikarudi ilikotoka, na harufu ya nywele zilizoungua ilikuwa nzito kiasi kwamba aliionja ulimini, na upande wa pili wa ukuta alimsikia Nyuki akihesabu kwa sauti, saba jumlisha nane, saba jumlisha nane, bila kufikia jibu.

Alirudi kwenye kompyuta akikimbia. Kando ya mstari wa mtoto kulikuwa na kitufe ambacho awali hakikuwepo: Unamwamini?

"Usiguse!" Shemeji alimshika mkono. "Tunamng'oa mlinzi mwenyewe, ngoja nifike kwenye…"

"Mama yako amekufa! Niache!"

Akabonyeza. Mtoto. Anaaminika. Nyuki akanyamaza.

Shemeji alimwangalia kama anavyoangaliwa mtu aliyemwaga petroli jikoni. "Shemeji, anayeaminika hakaguliwi. Unamwambia mlinzi amwache wazi. Chochote kinachotaka kumwingia, kiingie. Kilikuwa kinahitaji ruhusa yako tu."

Shemeji alimwondoa mlinzi. Akafuta mabaki yake, akachomoa waya wa ruta. Taa ilizimika. Mfasiri alikwenda kugusa ukuta: ulikuwa baridi. Harufu ilikuwa imekwisha. Kwa muda mfupi alishukuru, hata akaona aibu kushukuru huku maiti ikiwa kitandani.

"Kimetoka," alisema.

"Kimehama," alijibu shemeji.

Mlango wa Nyuki ulifunguka. Mtoto alisimama kizingitini, daftari la hesabu mkononi. Alimtazama kwanza baba yake mdogo. Akainamisha kichwa upande mmoja, akasubiri, kama anayesikiliza mtu wa mbali.

"Salama," alisema.

Kisha akamgeukia mama yake. Akainamisha kichwa. Safari hii alisubiri zaidi. Mfasiri alipiga magoti, akanyoosha mikono yote miwili.

"Njoo, mwanangu. Ni mimi. Ni mama."

"Najua," alisema Nyuki kwa upole. "Nimewaambia. Wamekataa."

Mfasiri alifungua mdomo amwite. Pumzi haikuja.