Shamba Letu, Moto wa Nani?

Kila Jumamosi Ange alichota maji, akafagia uwanja, kisha akamfuata mama yake shambani, nje kidogo ya Urambo. Jumamosi ile mama alikwenda msibani, akamwachia kazi ya kukusanya mabua. Kuyachoma, alimwonya, ni mpaka balozi wa nyumba kumi, Mama Stela, aje aone kama mpaka wa shamba umefyekwa na majirani wana habari. Ndiyo sheria ya kijiji.

Saa nne lundo lilikuwa limempita Ange kimo, balozi hajaonekana, na fainali ya netiboli ni saa sita. Ange akawaza: shamba letu, mabua yetu, kiberiti chetu, ruhusa ya nini? Akawasha.

Upepo nao haukuomba ruhusa. Ulirusha cheche hadi kwenye miti ya jirani, Mzee Bundala, aliyeishi kwa asali ya mizinga yake sita. Ange akapiga yowe mpaka sauti ikamkauka.

Ungewaona watu wa kijiji kile, ungewavulia kofia. Waliacha ugali mekoni, wakaja na matawi mabichi. Hata Raymundi, fundi baiskeli mwenye mguu mbovu, alifika akichechemea na ndoo. Mama Stela alikuwa mbele kabisa, kanga imefungwa kiunoni. Moto ukazimika, lakini mizinga miwili ilikuwa majivu.

"Nani kawasha?" akauliza Mzee Bundala.

Ange angeweza kunyamaza. "Mimi, babu. Nisamehe."

Mama Stela alitoa adhabu palepale: Jumamosi nne za kumsaidia mzee kutengeneza mizinga mipya. Netiboli kwaheri. Ange alitii, ila moyoni alinung'unika kwamba balozi anapenda tu kutawala watu.

Wiki ya tatu, asubuhi, Ange na mama yake wakiwa nyumbani, hodi ikabishwa. Alikuwa Mama Stela.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kesho nataka kuchoma mabua yangu. Mnaniruhusu?"

Ange alitoa macho. "Hata wewe, balozi, unaomba?"

"Nyumba zote saba zinazopakana na shamba langu nazipitia. Shambani kwangu napanda nitakacho, hakuna wa kuniuliza. Lakini moto haujui mpaka wala cheo. Uhuru wangu unakoma pale unapoanza kumuunguza jirani."

"Na tukikataa?"

Mama wa Ange alikunja uso, lakini balozi hakukasirika.

"Nitasubiri," alisema. "Hata siku kumi."

Ange akaingia ndani, akamletea kigoda.