Bonyeza, Uongee na Eufrasia

Wengine mapenzi yao huanzia kanisani, kwaya ikiimba. Wengine huanzia msibani, wakisaidiana kuosha masufuria. Ya Gody yalianzia usingizini, mchana kweupe, mbele za watu.

Ilikuwa kwenye maonyesho ya wajasiriamali, Musoma mjini. Upepo wa ziwani ulikuwa unayatikisa mahema, spika za mabanda zinashindana kwa kelele, na harufu ya sato wa kukaanga imejaa kila kona. Gody, kijana wa Butiama aliyepanga chumba mtaa wa Kitaji na kuishi kwa kuwatengenezea watu tovuti, alikuwa amekesha akimalizia kazi ya mtu. Shati lake jeupe lilikuwa limenyooka, ila macho yalikuwa mazito. Akafika kwenye banda la mito ya pamba, akaomba kwa heshima aujaribu mmoja, akaegemeza kichwa kwenye ule wa njano. Basi, hapo hapo akapotea.

Alipozinduka, watu walikuwa wamemzunguka wanacheka, na dada mmoja mrefu, gauni la kitenge limemkaa sawasawa, kilemba amekifunga upande, alikuwa amesimama mbele yake mikono kiunoni.

"Kaka, pole na safari. Umefika salama?"

"Jamani, samahani dada. Nimelala sana?"

"Umekoroma. Watu wamekuona wakasema mto huu una dawa, wamenunua karibu yote. Ukitaka, lala tena, nikutafutie na shuka."

Gody akacheka mpaka usingizi ukamwisha. Akauliza jina, akaambiwa Eufrasia, wa Bunda, mtaa wa Nyasura. Pamba ni ya shamba la baba yake, na mito anashona yeye na dada Mbuke, yule fundi mnene aliyekuwa pembeni anapokea wateja huku sikio lake likiwa kwao.

"Sasa Eufrasia, mtu wa Mwanza akitaka mto wako anakupataje?"

"Anakujaga Bunda."

"Na asipokuja?"

"Basi hana bahati."

"Hasara si yake, ni yako. Mimi natengenezaga tovuti. Nikikuwekea ukurasa mmoja tu, mzuri, mgeni akiingia anatoka mteja."

Eufrasia akamtazama kuanzia viatu mpaka nywele. "Wewe unayelala kwenye mito ya watu ndio nikuamini?" Kisha sauti ikashuka, utani ukaondoka. "Mimi nina shida na kitu kimoja, kaka. Hizi hoteli za watalii huku karibu na mbuga, vyumba vyote wanalalia masponji ya kutoka mbali, na pamba iko hapa hapa. Nikipata hoteli moja tu, sitahangaika tena na maonyesho. Huo ukurasa wako unaweza kuniletea hoteli?"

"Unaweza," Gody akasema, na kwa moyo wake wote aliamini hivyo.

Wiki iliyofuata alikuwa Nyasura, kompyuta juu ya meza ya kukatia vitambaa, manyoya ya pamba yamemganda kwenye nywele. Eufrasia alikuwa amevuta kiti karibu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Hapa juu," Gody akaeleza, "tunaweka picha yako, chini yake unachouza, halafu kitufe kimoja cha kupiga simu. Kimoja tu. Ukimpa mtu njia nyingi anapotea."

"Salamu iko wapi?"

"Salamu?"

"Mtu ameingia kwangu, hajakaa, hajapewa hata maji, namwambia nunua? Kwetu hatufanyagi hivyo. Andika: karibu, za huko utokako?"

"Mgeni wa mtandaoni hana subira, anaangalia mara moja anaondoka. Mpenzi, hii ni biashara."

"Umesema nani?"

"Nimesema biashara."

"Amesema mpenzi!" Mbuke akapaza sauti kutoka kwenye cherehani. "Mimi nimesikia, na cherehani nilikuwa nimeisimamisha."

Salamu ikaandikwa. Ukurasa ukatoka mzuri, nami sitamnyima kijana sifa yake. Juu, Eufrasia anacheka ameukumbatia mto wa njano. Gody alimchekesha kwa makusudi ndipo akaipiga hiyo picha, akisema uso wa kweli unaleta wateja kuliko maneno. Chini yake: *Karibu. Za huko utokako? Hapa kuna mito ya pamba ya Bunda.* Kisha kitufe: *Bonyeza, uongee na Eufrasia.* Na mwisho kabisa, sentensi aliyoitunga Gody mwenyewe: *Asante kwa kutuamini.*

Hapa sasa ndipo ninapotamani kumkamata Gody shati. Wakati wa kukijaribu kile kitufe alikuwa ameweka namba yake mwenyewe. Si kosa, mafundi wote hufanya hivyo, wakimaliza wanaweka ya mwenye mali. Alisema ataibadilisha jioni. Kabla jioni haijafika, simu ikalia, mama mmoja wa Tarime anataka mito. Gody akampigia Eufrasia hapo hapo.

"Mama Pamba, umelala?"

"Nilale mchana, mimi ni wewe?"

"Basi kaa kitako. Ukurasa umeleta mteja. Tarime!"

Vigelegele vya wanawake wawili vikapasua simu. Vilipotulia, Eufrasia akasema kwa sauti ndogo, "Gody, nikwambie kitu? Napendaga sana ukinipigia hivi."

Haya, niambie wewe, ungeibadilisha namba? Gody hakubadilisha. Kila mteja aliyebonyeza alimpa sababu ya kuisikia ile sauti, na kila siku alijiambia kesho. Eufrasia alipouliza, "Mbona hawanipigii mimi mwenyewe, na imeandikwa jina langu?" akajibiwa, "Mfumo unapitiaga kwangu kwanza, mpenzi. Ndivyo ulivyo." Eufrasia hakuijua mifumo. Alimjua Gody, akaona inatosha.

Mapenzi yakakolea. Jumapili Gody anashuka Bunda, Jumamosi nyingine Eufrasia anapanda Musoma, wanakaa kwenye mawe ya ziwani wanakula dagaa wa kukaanga kwenye karatasi, Eufrasia anamwita Gody "mlinzi wa mito" mpaka watu wanageuka. Ikapangwa siku ya kwenda Butiama, Eufrasia akamsalimie mama yake Gody. Akaanza kumshonea mama mto, foronya ya njano, pindo ametarizi kwa mkono.

Katikati ya raha hiyo, simu ikalia. Sauti nzito, ya mwanaume.

"Habari za kazi. Naomba niongee na huyu dada wa kwenye picha."

"Ongea na mimi tu."

"Hapana kaka, nataka mwenyewe. Imeandikwa nitaongea na Eufrasia."

Wivu ni mdudu. Gody alikwisha kuwajibu hivyo wengine wawili wenye sauti za kiume, na wala hakuulizwa. "Eufrasia ameolewa," akasema. "Na mume wake hapendi aongee na wanaume." Akakata. Siku nzima akajiona amelinda mali yake.

Njia ya mwongo ni fupi. Siku moja kabla ya safari ya Butiama, gari lilisimama nje ya chumba cha kushonea pale Nyasura, akateremka baba wa makamo, Bwana Silasi, msimamizi wa hoteli mpya karibu na mbuga. Alikuwa anapita, akaiona mito imeanikwa juani.

"Kumbe ndio hapa! Dada, nilikupigia mwezi uliopita. Nilitaka mito ya vyumba vyote. Mumeo akaniambia huongeagi na wanaume, basi nikaheshimu ndoa ya watu, nikachukua masponji Mwanza."

Eufrasia akacheka. "Mume? Baba, mimi kesho ndio naenda ukweni kwa mara ya kwanza."

"Alipokea mwanaume. Nilibonyeza hapa hapa." Silasi akatoa simu, akamwonyesha ukurasa.

Eufrasia akaichukua, akakibonyeza kitufe chenye jina lake. Ikaita, ikapokelewa. "Mito ya pamba, karibu," ikasema sauti aliyoizoea masikioni usiku na mchana. Akakata, akairudisha simu kwa mwenyewe. Mbuke alitaka kutukana, akaona uso wa mwenzake, akarudi kwenye cherehani.

Kesho yake walikutana Kiabakari kama walivyopanga, maana hapo ndipo wangeshika njia ya Butiama pamoja. Gody alikuwa amefika mapema na sukari na majani ya chai ya kumpelekea mama. Eufrasia akashuka amevaa gauni refu la bluu, kitenge juu yake kama mkwe anayejua adabu, mto umefungwa kwenye mfuko.

"Mke wangu mtarajiwa! Leo mama atalia."

"Silasi unamfahamu?"

"Silasi gani?"

"Yule uliyemwambia nimeolewa."

Gody akaweka sukari chini. Wauza mahindi wa kuchoma waligeuka kuwatazama.

"Eufrasia, nisikilize. Alikuwa anang'ang'ania mwenyewe, mwenyewe. Nikaona labda ni hiyo picha..."

"Picha uliiweka wewe! Ulinichekesha ukaipiga, ukasema uso unaleta wateja. Umeleta, halafu ukawafukuza. Uliwafukuza wangapi?"

"Watatu. Wanaume tu."

"Na hizo hoteli unafikiri zinasimamiwa na nani, Gody?"

"Ni wivu. Nilikupenda, nikaogopa kukukosa."

"Ungesema unaogopa. Ningekushika mkono tukacheka, yangeisha. Wewe uliniambia mfumo." Machozi yakamtoka, hakuyafuta. "Niliomba kitu kimoja tu pale kwenye banda. Kikaja kwa miguu yake, ukakifungia mlango. Mwanaume akinifungia biashara tukiwa wachumba, ndani ya nyumba atanifungia nini?"

Gody akamsogelea. Akamshika kiganja, akarudishiwa kiganja chake taratibu.

"Huu ni wa mama," Eufrasia akasema, akimpa mfuko. "Mpelekee. Yeye hajanikosea kitu."

Akavuka barabara, akasimama upande wa magari ya kurudi Bunda.

Kule Butiama, mama Wankyo, mama yake Gody, alikuwa ameshapika. Viti viwili vilikuwa vimewekwa kivulini. Akautoa mto, akapitisha vidole kwenye pindo, akafurahi kama mtoto.

"Na aliyeshona yuko wapi?"

"Amerudi kwao, mama."

"Umemfanya nini?"

Gody akatazama viti. Mama akaanza kupunguza chakula mezani. Hapo hapo, kijana akatoa simu yake akaibadilisha ile namba. Chai aliyomiminiwa ilikuwa bado inatoa moshi alipomaliza.

Aliomba radhi kwa simu, kwa ujumbe, kwa kumtuma Mbuke. Mbuke alimjibu mwenyewe: "Shemeji, yaani Gody, muache apumzike." Mvua zikaja zikaisha. Akasikia biashara ya Nyasura inakwenda, watu wa hoteli nyingine wamepiga, na aliyepokea ni mwenyewe.

Mchana mmoja, Kitaji, aliufungua ukurasa ule. Ulimwuliza za huko utokako. Akabonyeza.

"Karibu, unaongea na Eufrasia."

"Eufrasia, ni mimi."

Cherehani ikasikika, kisha ikaacha.

"Najua. Za huko?"

"Siyo nzuri. Nilitaka kusema..."

"Gody." Sauti ilikuwa ya upole, na upole huo ndio uliomuumiza. "Ulishasema yote, na nilishakusamehe. Kurudi ndio siwezi. Umebonyeza kwa wateja, nikuhudumie nini?"

"Mto. Mmoja. Wa njano."

"Njano sishonagi siku hizi. Kuna bluu."

"Bluu ni sawa."

"Utaupata kwa basi la kesho. Niandike jina gani kwenye mzigo?"

"Unalijua jina langu."

"Wateja wote huwa nawauliza."

"Gody Ryoba," akasema. "Kitaji."

"Haya, Gody Ryoba wa Kitaji. Asante kwa kutuamini."

Mto ulifika kesho yake, umefungwa vizuri, umeshonwa kwa uangalifu kama wa mteja yeyote. Gody aliuweka juu ya meza, mchana kweupe, akaegemeza kichwa, akafumba macho. Usingizi haukuja.