Jiwe la Kufunika Maji

Shule ilipofungwa, Bibi Muriel aliwachukua wajukuu wake, kama ilivyokuwa desturi yake kila mwaka, akawatoa katika kijiji chao cha katikati ya Australia na kuwapeleka nyikani, wakajifunze yale ambayo darasani hayafundishwi. Gari waliliacha barabarani, wakashika njia kwa miguu. Maji ya chupa yaliwatosha kwa safari ya kwenda tu. Ya kurudia yalikuwa katika shimo la mwambani, lililohifadhi maji ya mvua tangu enzi za mababu.

Sheria ya shimo lile mtoto huijua kabla hajajua kuhesabu: anywaye wa mwisho hulifunika kwa jiwe bapa na matawi, mnyama asije akatumbukia. Siku ile walipofika wakanywa, wa mwisho alikuwa Leonie, msichana wa miaka kumi na miwili, hodari wa kufuata nyayo, tena aliyejijua kuwa hodari. Mbele yake Clifton, mtoto wa shangazi yake, alikwisha kuona alama ya mkia wa kenge mchangani. Leonie hakukubali kupitwa. Aliliacha jiwe palepale lilipokuwa, akatimua mbio.

"Umefunika?" Bibi alimwuliza alipomfikia, wenzake wakiwa wametangulia mbali.

"Nimefunika, Bibi," alijibu bila kumtazama.

Yeye ndiye aliyemkamata kenge, wakambanika makaani, na sifa zikamjaa kichwani. Walilala upande wa pili wa kilima. Kesho yake walirudi jua likiwa la utosi, chupa zote tupu, na kabla hawajaliona shimo walisikia uvundo. Kangaruu mchanga alikuwa ametumbukia humo usiku, akafa maji, akavimba. Tilly, mdogo wao wote, aliyekuwa akiota maji njia nzima, aliketi chini akaanza kulia.

Noreen, mkubwa wao, alimgeukia Clifton. "Ni wewe tu. Hata kamba za viatu hufungiwa na mama yako, utakumbuka kufunika shimo?"

Clifton alikana, lakini sauti ilimtetemeka, na wenzake wakamtazama kama mtu aliyekwisha kuhukumiwa. Leonie alikuwa amesimama karibu naye. Ulimi wake ulikuwa mzito kama jiwe lile lile aliloliacha.

Bibi Muriel alilizunguka shimo taratibu, ameinama, akiusoma mchanga. Kwa watu wa jamii yao unyayo wa mtu hujulikana kama uso wake, na Leonie aliona yote ambayo Bibi aliyaona: nyayo zake mwenyewe zikifika majini, kisha zikiondoka mbio, vidole vimechimba sana, bila kuligeukia jiwe hata mara moja. Bibi aliinua kichwa, akatazama vilima, akaketi akasugua goti. Kimya kile kilimchoma Leonie kuliko fimbo. Angegombezwa angelia yakaisha. Sasa alitamani mwamba upasuke umfiche.

"Bibi, ni mimi," alisema hatimaye, uso ameuinamisha. "Sikufunika. Na nilikudanganya."

"Na mimi ungeniacha nibebe mzoga wako mpaka nyumbani," Clifton alinung'unika.

"Mguu wako ulikwisha kusema kweli," Bibi alisema. "Nilikuwa naungojea mdomo."

Akampa kazi. Leonie aliutoa mzoga kwa mikono yake, akayateka maji machafu yote na kuyamwaga mbali, huku akijua kwamba shimo litakaa tupu mpaka mvua nyingine. Kisha Bibi aliwaongoza hadi kwenye mto mkavu, akaonyesha mahali penye kona, chini ya mkalitusi mkubwa. Leonie alipiga magoti akachimba. Mchanga ulikuwa wa moto, ukawa baridi, ukawa na unyevu. Kucha zilimuuma, wala hakupumzika. Mwishowe maji yalichuruzika, wakayasubiri yatulie. Alimpa Tilly kwanza, akafuata Noreen, kisha Clifton, aliyepokea kopo bila kumtazama. Bibi naye alikunywa. Leonie alikunywa wa mwisho, na hakuthubutu kujaza kopo.

"Sikiliza, mjukuu wangu," Bibi alisema. "Maji si ya aliyeyafikia, ni ya anayekuja nyuma. Humwoni, ukadhani hayupo. Na uongo ni vivyo hivyo: wewe uliutupa jana ukakimbia, leo wenzako wamekuja kuunywa."

Walipoanza kuondoka, Leonie alibaki nyuma akikata matawi. Alipowafikia, Bibi alimwuliza bila kugeuka, "Umefunika?"

"Njoo uone, Bibi."

Bibi Muriel aligeuka akamtazama usoni. Kisha akaendelea na safari, wala hakurudi kuangalia.