Hema Moja Juu ya Manga

Mvua ya mawe iliwakuta saa tisa alasiri juu ya mlima wa Manga, na haikupita hata dakika tano kabla hema la Drusilla halijatoboka. Upepo uliingia pale palipotoboka, ukaling'oa hema zima, vigingi na vyote, likavuka ukingo wa mlima na kutokomea bondeni. Drusilla alibaki amesimama uwanjani na sufuria kichwani, mawe yakilia juu yake, akimtazama baba mkwe wake.

Zachariah alikuwa amesimama mlangoni mwa hema lake, ng'ambo ya pili ya uwanja. Lilikuwa hema la turubai zito, kavu ndani, la kulaza watu wanne. Neno lililohitajika lilikuwa moja tu: ingia. Hakulisema.

Uwanja ule wa kambi ni wa bure. Hakuna mlinzi, hakuna kitabu cha kuandika majina. Ukifika unapiga hema, ukiondoka unazoa takataka zako. Vijana wa kanisa lao la Ekerenyo walikuwa waje kesho yake, na Zachariah, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, alitangulia kutayarisha. Drusilla, mke wa mwanawe Sylvanus, alikuja kupika. Mong'ina, mke wa Zachariah, alipaswa kuwa kati yao, lakini goti lilimvimba asubuhi hiyo. "Nendeni tu," alisema. "Nyinyi ni watu wazima."

Watu wazima! Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Maana kwa Wagusii, kati ya baba mkwe na mkaza mwanawe kuna ensoni, ile heshima iliyochanganyika na aibu. Hawagusani. Hawapeani kitu mkono kwa mkono. Hawalali mahali pamoja. Siku hiyo walipanda mlima wameachana hatua ishirini, na mzee aliposhikwa na kiu, Drusilla aliweka chupa ya maji juu ya jiwe akasonga mbele, ndipo mzee akaja akaiokota. Miaka saba ya ndoa, walikuwa hawajashikana mkono hata mara moja. Ni heshima nzuri, mimi siibezi. Ila mvua ya mawe haina habari nayo.

"Mama Nyasani!" Zachariah alipaza sauti, akimwita kwa jina la mjukuu wake. "Kuna pango hapo chini ya ukingo. Kubwa! Tushukie huko!"

"Tata, njia inateleza!" Drusilla alimwitikia, kwa neno lao la baba.

"Naijua tangu utotoni!"

Basi wakaliacha hema kavu, blanketi mbili, chupa ya chai ya moto na simu iliyojaa chaji, wakatoka kwenda kutafuta pango lenye nafasi ya kutosha watu wawili kukaa mbalimbali. Ukimwambia mtu wa mbali kisa hiki atadhani unamtania.

Njia ilikuwa imegeuka mto mwembamba wa matope na barafu. Zachariah alitangulia na fimbo yake. Penye ngazi ya mwamba, pale ambapo mtu hushuka kwa kukaa kitako, yeye alipita salama, akageuka. Drusilla alikuwa juu yake kidogo. Mguu wake wa kushoto uliteleza, akashika nyasi, nyasi zikang'oka.

"Tata, nishike!"

Alinyoosha mkono. Na Zachariah naye aliunyoosha wake. Vidole vilikaribiana kiasi cha upana wa kiganja, kisha mkono wa Zachariah ukarudi nyuma. Akageuza fimbo haraka ili amnyooshee hiyo badala yake. Fimbo ilipofika, Drusilla hakuwepo.

Alisikia mlio wa vichaka ukishuka, kisha kishindo, kisha mvua tu.

Zachariah hakushuka, aliporomoka kumfuata. Suruali ilichanika, viganja vikachunika. Alimkuta amelala kwenye korongo, kimo cha nyumba kutoka njiani, mguu wa kulia umepinda chini ya goti na damu ikichanganyika na maji. Maji yenyewe yalikuwa yakipanda.

"Mama Nyasani. Unanisikia?"

"Nasikia baridi."

"Vidole vya mguu vinacheza?"

"Viwili... vitatu."

Zachariah aliivunja fimbo vipande viwili kwa goti lake. Hiyo hiyo fimbo. Akafungua leso iliyokuwa kiunoni mwa Drusilla, akaipasua, akashika mguu kwa mikono yote miwili na kuunyoosha huku binti wa watu akipiga yowe. Hakumwomba yeyote ruhusa. Mikono iliyoshindwa dakika chache zilizopita sasa ilifanya kazi bila kusita, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Kumbe iliwezekana.

Alipiga kelele za kuomba msaada mpaka koo likakauka. Nani angesikia? Hakuna aliyejua wako upande huo. Kupanda kurudi kwenye simu na mgonjwa haikuwezekana, na kumwacha pale maji yangemfikia kifuani. Akamweka mgongoni, akamfunga kwa koti lake kama mtoto anavyobebwa, akaanza kushuka kuelekea mashamba ya chai.

Ukungu uliziba kila kitu. Baada ya muda alisimama, hajui kulia ni wapi na kushoto ni wapi.

"Umepotea, Tata?"

"Nimepotea."

"Sikiliza mto, uweke kushoto. Ukifika kwenye mikaratusi miwili, kata kulia. Huku ndiko nachanja kuni."

Aliyeijua njia tangu utotoni akatii. Alianguka kwa magoti mara nne. Sauti ya Drusilla ilipoanza kuzama alimlazimisha aseme jina la mwanawe. Nyasani. Tena. Nyasani. Tena! Moyoni alikuwa akisema lingine: nimemuua mama wa mjukuu wangu kwa ajili ya adabu. Mungu, usikubali iwe hivyo.

Mikaratusi ikatokea. Kisha chai. Kisha mwanamke aliyejikinga chini ya gunia, Nyakerario, jirani wa kanisani, akaruka kusimama.

"Obe! Mwalimu! Umembeba mke wa mwanao?"

Hilo ndilo aliloliona kwanza. Mguu aliuona baadaye, ndipo akapiga nduru iliyoleta wanaume na mlango wa kubebea mgonjwa. Kabla giza halijaingia Drusilla alikuwa hospitalini.

Siku ya tatu, Onsongo, kaka mkubwa wa Zachariah, alimwita kando kwenye ua wa hospitali. Wazee wa ukoo wameshakaa, alisema. Hakuna anayemlaumu, shida ni shida. Lakini amemgusa, amembeba mgongoni, kwa hiyo patafanywa utakaso kidogo, na yote yatasamehewa.

Zachariah aliingia wodini. Wodi ilikuwa imejaa watu wa kwao. Alisimama hatua mbili kutoka kitandani, asikaribie zaidi, kama ilivyo desturi.

"Wanataka kunitakasa," alisema.

"Kwa kosa gani?"

"Kwa kukubeba."

Drusilla alicheka mpaka mguu ukamuuma, kisha machozi yakamtoka.

"Wananisamehe jambo nililofanya vizuri," Zachariah alisema, akishusha sauti wengine wasisikie. "Lile baya hakuna anayeniuliza. Mama Nyasani, pale mwambani, mkono wangu..."

"Niliuona, Tata."

"Ungekufikia. Nikaurudisha."

"Niliuona ukirudi. Nimemwambia Sylvanus niliteleza ukiwa mbali."

"Kwa nini umenifichia?"

Drusilla alijiinua. Alivuta shuka, akageuza ule mguu mzima mpaka ukagusa sakafu, akachukua gongo moja. La pili lilikuwa limeanguka chini ya kitanda.

"Nesi amekawia," alisema, "na mimi nataka kwenda msalani."

Akanyoosha mkono.

Wodi nzima iliona. Nyakerario aliyekuwa amekuja na uji alitazama dirishani. Onsongo alisimama mlangoni na kofia yake mkononi. Zachariah aliwaona wote, aibu ikampanda mpaka masikioni, na mkono wake ukataka kurudi nyuma kama siku ile.

Akaushika.