Kuta za Cucu Nelius

Kila kiangazi kilipokaribia kwisha, Nelius, bibi mzee ambaye wote walimwita Cucu, yaani nyanya, alizoa udongo, akaulundika kuzunguka nyumba yake hadi ukaegemea kuta, kisha akausiriba kwa kinyesi cha ng'ombe. Ndivyo alivyofundishwa na mama mkwe wake. Hata hivyo, kila mvua ilipokuja ukuta mmoja ulianguka, naye akahamia jikoni kulala na mbuzi.

Mwaka huu mwanawe Mugendi, mwenye duka Makutano kule Meru, alikuwa amekata shauri. Ukuta ukianguka tena, angekuja na pikapu amhamishe. Nelius hakutaka hata kusikia. Shamba lake la ndengu lilikuwa hapa, karibu na Siakago, na kaburi la mumewe pia.

Ndipo walipokuja watu wa kujitolea wa kanisa kumtengenezea nyumba, wakiongozwa na Kirimi, fundi kutoka Kianjai. Kirimi alishika jembe, akaanza kuuondoa ule udongo. Nelius akamzuia.

"Kijana, hiyo ndiyo blanketi ya nyumba yangu. Ama huko kwenu mnawavua wazee blanketi?"

Wanawake waliokuwa wakileta maji wakacheka. Kirimi naye akacheka, lakini akamwomba achungulie. Ndani ya udongo mlikuwa na vijia vingi, na mchwa walikuwa wakipanda kuelekea kwenye nguzo. Nelius alipoigusa nguzo, ilisagika kama unga.

"Cucu, udongo huu ni ngazi ya mchwa," Kirimi alisema. "Tena unashika maji ya mvua na kulowesha ukuta. Chini ya ukuta pawe wazi, tuwaone mchwa wakianza kupanda."

Nelius akamnyang'anya jembe, akaimaliza kazi mwenyewe.

Kuta zilizooza zikashushwa. Wanawake wakabeba mawe kutoka mtoni, na mafundi wakajenga msingi wa mawe na saruji uliofika magotini. Juu yake wakapanga matofali. Mabati ya paa yakatokezwa nje ya kuta, na mtaro ukachimbwa wa kupeleka maji mbali.

Mvua ya Oktoba ilinyesha juma zima. Mugendi akafika na pikapu na kamba, akidhani ukuta umeanguka kama kawaida. Aliizunguka nyumba, akagonga kuta kwa ngumi. Zilikuwa kavu, zimesimama wima.

"Mama, sasa hii gari irudi tupu?"

"Irudi tupu kwa nini?" Nelius akamwonyesha magunia ya ndengu. "Pakia hizo, ukauze dukani kwako. Ukimaliza, pangusa miguu, uingie kwangu unywe chai."