Nani Aling'oa Nguzo za Roshani?

Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi, roshani ya nyumba mpya ya Hajati Umm Raad, mjini Salt, iliporomoka na Bakr, fundi wa Kimisri, akiwa juu yake. Akavunjika miguu yote miwili. Nguzo za muda zilizoshikilia ile zege changa zilikutwa zimelazwa kando.

Saa tatu Dkt. Nawal Ghishan alifika kutoka chuoni. Yeye ni mshauri wa mafunzo kazini: huwazungukia wanafunzi wa usanifu majengo huko walikopelekwa na kuhakikisha wanafundishwa. Mwanafunzi wake Lujain alikuwa amekalishwa kwenye gari la polisi.

"Mutasim, msimamizi wake wa ofisini, amepiga simu," alisema Kapteni Sayel. "Anadai Alhamisi alimsikia akiwaamuru mafundi wang'oe nguzo. Huyu ni wa jela, Daktari."

"Nipe hadi adhuhuri."

Alianza na msimamizi wa mafundi, Abu Hazim, aliyejulikana kuzitaka nguzo zile kwa kazi nyingine.

"Nilizitaka, sikatai," alisema Abu Hazim. "Binti akaniambia nikigusa hata moja nitamkanyaga yeye kwanza. Mkaidi huyo! Alhamisi saa tisa tulifunga kazi, nguzo zimesimama. Waulize mafundi wote. Ijumaa hatufanyi kazi."

Basi ziling'olewa baada ya hapo. Nawal akamfuata Hajati uani.

"Mafundi walipoondoka, alikuja nani?"

"Ndugu yangu mchinjaji tu." Hajati akashusha sauti. "Usimwambie mwanangu Raad, ataniita mshirikina. Tulichinja kondoo, nikapiga kiganja cha damu kwenye mlango wa jikoni, nyumba isipatwe na kijicho. Tukaondoka magharibi. Jana mvua imeosha yote."

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe wa kwanza, mwanangu. Ndugu yangu hana mdomo."

Mlango ule wa bati ulikuwa mweupe pe.

Saa tano Mutasim aliwasili, viatu vinang'aa. Alikuwa mbali, mjini Aqaba, na familia tangu Alhamisi adhuhuri, alisema, na hapa anakanyaga tena sasa hivi tu.

"Huenda kosa ni la mwenye nyumba," Nawal alisema taratibu.

"Yule bibi? Anayedhani kiganja cha damu kwenye mlango wa jikoni kitashikilia zege? Hapana. Kosa ni la mwanafunzi wako."

Kapteni aliutazama mlango. "Damu ipi?"

"Hajati, nisamehe, siri yako naitoa," alisema Nawal, akamweleza Kapteni. Kisha akamgeukia Mutasim. "Kiganja kilipigwa Alhamisi jioni, jana kikaoshwa na mvua. Umekiona kutokea Aqaba? Una macho marefu, bwana."

"Nilipita tu," alisema Mutasim.

"Ukang'oa nguzo."

"Wewe je?" Sauti yake ikapanda. "Ulikwenda chama cha wahandisi ukasema simfundishi Lujain, namtuma kuwachukua wanangu shuleni. Nikapigwa marufuku kuchukua mwanafunzi mwingine. Watoto wa juzi wananicheka! Nilitaka nawe uchekwe. Nilijua itaanguka usiku, pasipo mtu, na lawama zimwangukie huyo kipenzi chako."

"Haikuanguka usiku."

Nawal alitamani kumzaba kofi. Alijizuia, na kwa siku kadhaa alijuta kujizuia.

Wiki iliyofuata wazee wa ukoo wa Mutasim walikwenda kwa baba yake Lujain kuomba asamehe kusingiziwa kwa bintiye. Waliwekewa kahawa, wakaviacha vikombe chini: haonji mtu mpaka ombi likubaliwe. Baba akavunja desturi, akawaita bintiye na Nawal kwenye baraza la wanaume.

"Daktari, wewe ndiwe uliyemtetea. Tunywe?"

"Aliyesingiziwa ni yeye. Aseme yeye."

Lujain aliwatazama wazee. "Kwa Bakr mmeshakwenda?"

Wazee wakatazamana. "Mwanangu," alisema mkubwa wao, "yule ni Mmisri. Hana ukoo hapa wa kuendewa."

"Ana kitanda hospitalini."

Nawal alikisukuma kikombe chake mbali, moyo ukimtulia kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile.

"Basi kahawa ipoe," alisema Lujain.